Sheria Iliyongoja Utepe

Geita, Jimbo la Ziwa
Jumapili

Dada yangu Agnes,

Shikamoo. Nakuamkia mara moja hapa, lakini ihesabu kuwa ni nyingi, maana miezi imepita sijakuamkia kwa kalamu wala kwa kumtuma mtu. Barua zako mbili zimenifikia. Ya pili ilikuwa kali, na ukali huo nimeupokea, nilistahili zaidi. Umeuliza kama naumwa, kama nimeoa huku kimyakimya, au kama nimekwisha kuwa Msukuma nikawasahau. Siumwi, sijaoa, na sijawasahau. Mguu wako je, umepungua uvimbe? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wameibakiza mwaka huu? Nijibu hayo yote, hata kama ukimaliza kusoma hutakuwa na hamu ya kuniandikia.

Sikuandika kwa sababu ya aibu. Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana. Leo nimetoka kanisani, nimefunga mlango wa chumba changu, nami nitaiandika mpaka mwisho. Isome peke yako kwanza.

Katika barua yangu ya mwisho nilijisifu. Nilikuambia kwamba mdogo wako, karani wa baraza la mtemi, ametunga sheria. Nilisema hivyohivyo, "nimetunga," kana kwamba mtemi na wazee wake walikuwa wasikilizaji wangu tu. Wakati ule nilikueleza sifa, jambo lenyewe sikukueleza.

Hapa Geita, dada, mgodi umekusanya watu wa kila kabila. Wako Wanyamwezi, Waha, Wasumbwa, hata watu wa kwetu kusini nimewakuta wawili. Wengi wameacha wake zao makwao. Wanakaa kambini, wanashuka chini kwa zamu, na wakipanda juu wana njaa. Kwa hiyo wanawake wa vijiji vya jirani wanapika uji, viazi na samaki wa ziwani, na wanaowapelekea wanaume chakula hicho ni binti zao, wasichana wadogo wenye masufuria kichwani. Tangu nilipofika nimeandika habari za wasichana hao katika kitabu cha mashauri mpaka nikachoka. Kila shauri liliisha kwa namna moja. Mwanamume anaulizwa, anakubali au anakana kidogo, baba wa msichana anapewa ng'ombe, wanapeana mikono, nami nafunga kitabu. Msichana haulizwi kitu. Mara nyingi hata jina lake sikuandika. Niliandika "binti wa fulani," basi.

Siku moja nilimwomba mtemi ruhusa ya kusoma mashauri hayo yote mbele ya baraza, moja baada ya jingine, bila kuongeza neno. Nilisoma tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Mtemi wetu ni mtu mpole asiyesema sana. Nilipomaliza aliuliza, "Hao wote ni wa hapa kwetu?"

Nikasema, "Ndiyo, mtemi."

Akasema, "Basi tuweke sheria."

Wazee walibishana siku mbili. Nilikuwa nimeandika kwamba msichana asiguswe mpaka atimize miaka kumi na sita, na atakayemgusa afungwe gerezani, ng'ombe wasipokewe hata kama baba ameridhika. Mzee mmoja akaniuliza, "Karani, miaka kumi na sita mtu anaionaje? Imeandikwa kwenye paji la uso?" Watu wakacheka. Nikajibu kwamba mama mtu atajua alimzaa mwaka gani wa njaa au wa nzige, na asipojua, daktari wa hospitali atasema.

Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa mwanangwa Ngasa. Mwanangwa huku ndiye mkuu wa kijiji, yuko chini ya mtemi. Huyu Ngasa ni mtu wa makamo, msafi, ana baiskeli, na shamba lake la pamba ni kubwa kuliko yote ya upande huu. Alisimama akasema, "Sisi ndio tuliokabidhiwa hawa watoto. Mwanangwa atakayeficha habari kama hizi, naye aondolewe kazini." Nikaliandika neno lake, likawa sehemu ya sheria. Nilimpenda sana siku ile.

Jambo moja tu lilikwama. "Na aliyekwisha kuolewa?" waliuliza. Wengi wao wana wake waliowachukua wakiwa wadogo. Mtemi alinitazama, nikaona kwamba nikishikilia hapo nitakosa vyote. Basi nikachukua kalamu nikaongeza maneno matatu, "asiye mke wake." Mtu yeyote atakayemwingilia msichana asiye mke wake. Ni mkono wangu mwenyewe ulioandika, dada. Niliona ni busara.

Bwana Shauri wa Mwanza, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliisoma, akaikubali, akairudisha na mhuri. Chini aliandika kwamba itaanza siku itakaposomwa sokoni na kubandikwa kwenye mlango wa baraza. Mtemi akaniambia, "Soko ni keshokutwa. Iandike vizuri kwa mkono, uisome."

Sasa sikiliza. Baraza letu lina mashine ya taipu, na utepe wake wa wino ulikuwa umekauka kabisa. Tangu wakati wa vita vitu hivyo ni adimu, na mwenye duka mmoja wa Mwanza alikuwa ameahidi kuniletea mwingine. Nikamwambia mtemi, "Tungoje utepe kidogo. Sheria ya namna hii isibandikwe kwa mwandiko wa mkono kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Watu waione kuwa ni sheria."

Mtemi akasema, "Wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi."

Hapakuwa na sababu nyingine yoyote. Mwandiko wangu unaujua, padre alikuwa akiusifu shuleni. Nilitaka tu ionekane imepigwa taipu, na chini yake jina langu. Soko la kwanza likapita. Soko la pili likapita. Karatasi ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu.

Jirani yangu hapa ni Mama Kabula. Anauza uji na viazi vya kuchemsha katika kibanda cha nyasi nje ya uwanja wa baraza. Mumewe anafanya kazi chini mgodini, mtu mkimya ambaye kifua chake kimeanza kulia anapopumua. Kabula ni binti yao wa kwanza. Alizaliwa mwaka wa nzige, kwa hiyo ana miaka kumi na mitatu hivi. Ndiye aliyekuwa akiniletea uji, na hakuniogopa hata kidogo. Alikuwa akisimama dirishani akinicheka ninavyosema Kisukuma. "Siyo hivyo, karani, utakuja kumtukana mtu!" Aliweza kuiga king'ora cha mgodi, na siku moja tarishi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliinuka akavaa kofia akidhani saa za kazi zimekwisha. Nilimfundisha kuandika jina lake. Herufi ya B aliigeuza, tumbo likaangalia kushoto, nami nikimsahihisha anasema ya kwake ndiyo inayopendeza.

Pamba ilipoiva Ngasa aliweka vibarua wa kuvuna, akaagiza kwa Mama Kabula uji wao wa mchana. Kabula akawa anaupeleka. Siku ya tatu vibarua walikuwa wamekwisha kula na kurudi shambani, na Ngasa akamwambia aingie ndani achukue sufuria lake. Yaliyotokea humo ndani siyaandiki. Wewe ni mama, umeelewa. Alirudi mchana kweupe, akapita mbele ya dirisha langu bila kugeuka, na kichwani hana sufuria. Nilimwita. Hakuitika. Nikadhani amenuna, nikaendelea na kazi yangu.

Kesho yake Mama Kabula aliingia ofisini kabla tarishi hajamaliza kufagia. Hakuniamkia. Alisema, "Karani, ile sheria uliyotusimulia. Nimekuja kuichukua."

"Kuichukua vipi, mama?"

"Ile ya watoto. Ngasa amemharibu Kabula." Alikuwa ameshika pembe ya meza kwa mikono miwili. "Ulisema anafungwa. Ulisema ng'ombe basi. Haya, mtume askari."

Karatasi ilikuwa magotini pangu, dada, ubao mwembamba tu kati yangu na yeye. Sikuifungua meza. Nilisema, "Twende kwanza hospitali."

Tulikwenda watatu. Kabula alitembea ameshika upindo wa kanga ya mama yake, na dresa, msaidizi wa daktari, alipomuuliza jina, mimi ndiye niliyejibu, kwa sababu yeye alikuwa akiutazama ukuta. Daktari aliandika kwamba jambo lile ni kweli, na kwamba kwa umri hapungui miaka kumi na mitatu. Tulipokuwa tukitoka Mama Kabula aliniuliza kama karatasi ya daktari inatosha. Nikamwambia inatosha.

Niliporudi ofisini nilichukua kalamu na wino. Nilitaka kuiandika sheria kwa mkono palepale na kuweka tarehe ya nyuma. Nikaandika mstari wa kwanza, nikaacha. Sheria husomwa sokoni mbele ya watu, na siku ya soko haiwezi kuandikwa upya. Utepe ulifika siku tatu baadaye, umefungwa vizuri katika karatasi ya rangi ya buluu. Nikapiga taipu. Sikukosea hata herufi moja. Soko lililofuata nilisimama juu ya kasha nikaisoma kwa Kiswahili, kisha mwanabaraza mmoja akaisoma kwa Kisukuma, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama Kabula naye alipiga. Alidhani ni ya binti yake.

Shauri lilisikilizwa Bwana Shauri alipokuja katika safari yake. Yeye alisema Serikali ina sheria yake, lakini inawalinda watoto wadogo zaidi ya Kabula. Na kama ni kosa la kutumia nguvu, alitaka shahidi mbali na mtoto mwenyewe, na vibarua wote wa Ngasa walikuwa wamesema hawakusikia kitu. Ikabaki sheria yetu. Kabula akasimamishwa katikati ya wanaume wote wale. Alisema kwa sauti ndogo sana, ikanilazimu kumwinamia, kisha nikayarudia maneno yake kwa Kiswahili kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Hebu fikiri, dada. Alikuwa akininong'oneza mimi, nami natangaza. Kabula hakugeuza neno hata moja.

Ngasa hakuhangaika kukana. Alisimama na kofia mkononi akasema, "Mtemi, Bwana Shauri, mimi ni mmoja wa walioiweka sheria hii, na ninaiheshimu. Naomba karani aseme ilisomwa lini."

Baraza zima likanigeukia. Nikasema ilisomwa katika soko la juzi.

"Na hili ninaloshtakiwa, wanasema lilitokea kabla ya hapo au baada?"

"Kabla."

Bwana Shauri akapekua karatasi zake. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mimi niliirudisha sheria hii zamani. Kwa nini haikusomwa mapema?"

Mama Kabula alikuwa ameketi chini upande wa kushoto pamoja na wanawake. Alikuwa akinitazama kwa matumaini. Alidhani mimi mwenye sheria nitatoa neno la kuwanyamazisha wote.

Nikasema, "Ilichelewa njiani, bwana."

Mtemi alijua. Alinitazama mara moja, akateremsha macho. Nadhani alinihurumia, na huruma yake bado inanichoma.

Bwana Shauri alieleza kwamba sheria haiwezi kumshika mtu kwa jambo alilolifanya kabla haijaanza. Alieleza vizuri, wala sina la kumlaumu. Shauri likahukumiwa kwa desturi ya zamani. Ngasa akaamriwa kutoa ng'ombe, naye akawatoa kabla ya siku iliyowekwa. Kazi yake ya uanangwa anaendelea nayo. Mama Kabula alipotafsiriwa hukumu hakulia. Aliuliza tu, "Sasa anafungwa lini?" Ilibidi mwanamke mwenzake amshike mkono amweleze tena.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini haikuishia hapo.

Mavuno yalipokwisha Ngasa aliwatuma wazee kwa Baba Kabula. Walisema mwanangwa hataki ugomvi na jirani, ataongeza ng'ombe juu ya wale wa kwanza, amchukue Kabula awe mke wake wa tatu, maneno ya watu yaishe. Niliposikia nilikimbia kwenda kumngoja Baba Kabula kwenye lango la mgodi. Alitoka zamu, uso umejaa vumbi jeupe la mawe. Nikamwambia, "Baba Kabula, nakuomba, usimtoe."

Alikohoa kwanza. Akasema, "Nisimtoe nimfanye nini? Utamwoa wewe?"

"Ni mtoto."

"Najua ni mtoto. Mimi ndiye niliyemzaa." Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu. "Dresa ameniambia kifua hiki mwakani hakishuki tena chini. Nikishaacha kazi hapa narudi kwetu, na huko habari zake zimekwisha fika. Nani atamchukua? Atakula nini?"

"Lakini sasa sheria ipo. Nimeibandika mlangoni, kila mtu anaiona."

"Nimeiona. Mimi sijui kusoma, nikamwomba mtu anisomee." Aliniinulia macho, na hakuwa na hasira, dada, alikuwa mtu aliyechoka tu. "Karani, inasema nini juu ya mke wa mtu?"

Inasema, "asiye mke wake."

Nilikwenda kwa mtemi. Akaniambia ndoa ni jambo la baba wa msichana, na kwamba tulikubaliana kuiacha nje, mimi mwenyewe nikaandika. Nikaenda misheni. Padre akasema familia ile haijabatizwa, ataiombea. Mama Kabula yeye aligombana na mumewe, akagombana na shemeji zake, akafunga vitu vyake na vya Kabula ili watoroke kwenda kwa kaka yake upande wa Kagongwa. Shemeji zake wakawafuata njiani wakawarudisha. Siku Kabula anachukuliwa, kibanda cha uji hakikufunguliwa.

Kesho yake mama yule alikuja ofisini. Alikaa kwenye benchi la washitaki, akasema, "Nisomee."

Nikajua anachotaka. Nikaisoma yote, polepole, kwa Kisukuma changu kibovu. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika kwenye neno la mwanangwa atakayeficha, alitikisa kichwa kidogo. Nilipomaliza akasema, "Ni maneno mazuri. Njiani yalichelewa wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kusema uongo mara moja, na mara ya pili ulimi ulikataa. Nikamwambia, "Hayakuchelewa njiani, mama. Yalikuwa hapa." Nikafungua mtoto wa meza nikamwonyesha mahali. Nikamweleza habari za utepe. Hakujua utepe ni kitu gani, basi nikainua kifuniko cha mashine nikamwonyesha.

Aliugusa. Akatazama kidole chake kilivyokuwa cheusi. "Hiki?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na mkono wako ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Ulikuwa mzima."

Nilitamani anipige. Nilitamani apige kelele watu wajae. Alikifuta kidole kwenye kanga yake, akainuka akatoka, na tangu siku ile hajawahi kunisemesha. Kibanda amekifungua tena. Tarishi ndiye anayekwenda kuniletea uji, na uji ule sijui hata naunywaje.

Baada ya hapo nilimwandikia Bwana Shauri. Nilikiri yote, kwamba nilidanganya mbele ya baraza, kwamba karatasi ilikaa mezani kwangu kwa ajili ya utepe, na kwamba nastahili adhabu yoyote atakayoona inafaa. Nilifunga sanduku langu kabisa, nikijua nitafukuzwa au nitashtakiwa. Nilingoja jibu kama mtu anayengoja dawa. Likaja. Mistari minne. Amesema ni jambo la kusikitisha, kwamba kwa vyovyote sheria isingeweza kurudi nyuma, kwamba wakati mwingine nisingoje mashine bali niandike kwa mkono, na kwamba kwa ujumla kazi yangu ni nzuri. Nililifungua sanduku nikatoa nguo zangu.

Wiki iliyopita nilimwona Kabula. Alikuwa sokoni na mke mkubwa wa Ngasa, amefungwa kitambaa kichwani na amebeba kikapu cha michembe, viazi vya kukausha. Nilidhani atapita kama alivyopita siku ile dirishani. Alisimama. Kisha akapiga magoti palepale vumbini, kama wanavyofanya wake za watu huku wanapomwamkia mwanamume, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, karani." Sauti yake ni ileile iliyokuwa ikinicheka. Mdomo wangu ulifunguka, na marahaba haikutoka. Alingoja pale chini, kwa heshima, mpaka yule mke mkubwa akamwambia inuka twende.

Dada, nimeacha kusali kwa maneno. Nakaa tu kanisani. Naandika mashauri, naandika majina ya wasichana yote kamili sasa, na nikiandika naona kwamba ni wino tu. Kuna wanaume wawili wamefungwa kwa sheria yetu tangu ianze. Watu wananipongeza. Mtu akinipongeza, chakula cha siku ile sikili.

Sasa niseme juu ya lile uliloniuliza katika barua yako ya pili, la binti yako Estera. Umesema yule mfanyabiashara wa korosho wa Newala ni mtu mwema, amekwisha kuleta kanga na anangoja neno langu tu, kwa kuwa kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Umesema pia kwamba Estera mwenyewe hajui bado, na kwamba miaka yake kumi na minne inatosha, wewe uliolewa ukiwa na mingi zaidi kidogo tu. Nakumbuka siku uliyokwenda kwa shemeji. Sitaki kukuumiza kwa kuikumbusha.

Neno langu ni hapana. Rudisheni kanga. Mwambieni huyo mfanyabiashara kwamba mjomba amekataa, tena msitafute maneno ya kulainisha, lawama zote ziwe zangu. Watasema Barnaba ametoka, amekuwa mtu wa ofisi, anawaamulia walio mbali. Waseme. Na kama wewe mwenyewe utanikasirikia, nakasirikiwa na wengi sasa, nitabeba na hilo. Nakuandikia kwa mkono, kama unavyoona, na barua naitia katika sanduku la posta leo hii, sitangoja tarishi wa kesho.

Nisalimie shemeji, mwambie namwombea kifua chake. Nisalimie mama mdogo, yule aliyetulea, ukimwambia tu kwamba mimi mzima. Nisalimie kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, kule misheni na mkewe, na mwalimu wangu wa zamani kama bado yu hai, lakini usimsomee barua hii. Estera mpe salamu za peke yake, na umwambie mjomba wake anauliza amefika darasa la ngapi.

Sina la kukufariji, na wala usitafute la kunifariji mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Barnaba, ambaye bado ni karani.